Tabibu wa viungo asiyenyanyuka mpaka mzee amletee kahawa

Saa tatu kasoro robo asubuhi, katikati ya Oktoba, Ljupka Stanimirović ameketi kwenye meza ya jikoni ya watu, koti bado liko mwilini, mikono magotini, hafanyi lolote. Mbele yake hakuna kikombe wala glasi. Mwenye nyumba, Milisav Vukajlović, mzee wa miaka themanini na moja, amesimama karibu na jiko la kuni, mkono mmoja umeshika ukingo wa sinki. Fremu yake ya kutembelea iko mlangoni, na si yeye aliyeiacha huko.

"Sukari iko wapi?" anauliza bila kugeuka.

"Nimeihamisha."

"Umeihamishia wapi?"

"Kabati la juu, mzee wangu. Pale ilipokuwa ikikaa enzi za marehemu mkeo."

"We binti una roho mbaya."

"Ninayo. Na kahawa yangu nainywa na sukari."

Milisav anavuta pumzi. Kisigino cha kulia kinanyanyuka, cha kushoto kinafuata kwa kusitasita, mkono unapanda, na ncha za vidole zinaligusa kopo. Analisogeza kidogo kidogo hadi linaingia kiganjani. Hapo anatoa tusi dogo la furaha ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Dakika kumi na moja baadaye anavuka jikoni na sinia: kahawa, glasi ya maji, na kisahani chenye kijiko kimoja cha jamu ya cheri. Nusu ya maji imemwagikia sinia. "Karibu," anasema huku akihema. Ljupka anaonja, anamsifu, kisha ndipo anapotoa daftari na kuandika: hatua kumi na tisa, sita kati ya hizo bila kushika kitu.

Hiyo ndiyo tiba yenyewe. Ljupka, mwenye miaka hamsini na mbili, ni mtaalamu wa fiziotherapia katika kituo cha afya cha mji mdogo wa bondeni, magharibi mwa Serbia. Ameifanya kazi hii miaka ishirini na sita, na tisa ya mwisho ameitumia kupanda vilima kwenda kwa wazee wasioweza kushuka. Daftari lake lina majina thelathini na moja. Huzunguka nyumba sita hadi saba kwa siku kwa gari ambalo kipasha joto chake kilikufa zamani, kwa mshahara wa dinari elfu themanini na kidogo kwa mwezi.

"Zamani nilikuwa nakuja na mipira, mikanda ya raba na karatasi za picha," anasema. "Walinisikiliza kwa adabu kabisa. Wiki inayofuata naukuta mkanda wangu umefungia mlango wa banda la kuku."

Siku moja, akiwa amechoka, aliketi kwa bibi mmoja wa kijiji cha juu na kusahau kumwambia afanye mazoezi. Bibi yule hakuwa ametoka kitandani peke yake kwa siku nane. Alimtazama mgeni wake ameketi mbele ya meza tupu, akaanza kuhangaika, akashika ukuta, akaenda kuinjika kahawa.

"Nilibaki mdomo wazi," anakumbuka Ljupka. "Mzee wa huku ukimwambia nyanyua mguu mara kumi, atakuuliza unyanyuke uende wapi. Lakini ukikaa mezani kwake huna kitu mbele yako, anateseka. Hawezi kuvumilia. Basi nikasema, haya, mimi nitakuwa mgeni."

Mwandishi wa makala haya ameishi katika vilima hivi miaka kumi na saba na ana mama mkwe, kwa hiyo anathibitisha. Paa likivuja watu hawa watalala. Mgeni akiondoka bila kuonja kitu, hawatalala.

Gharama ya tiba hii anailipa Ljupka mwenyewe. Mwaka jana daktari mwenzake alimpima shinikizo la damu, akampiga marufuku kuzidisha vikombe viwili kwa siku. Sasa anaonja kidogo, na mwenye nyumba akigeuka tu, kinachobaki kinaingia kwenye chungu cha maua. "Maua ya dirishani ya vijiji vitatu nimeyaua mimi," anasema na kucheka mpaka anafuta macho.

Kicheko chake hukatika anapoulizwa kwa nini hataki kabisa kuwasaidia wazee wake, hata kuwafungia kifungo.

Miaka minane iliyopita mama yake, Rosanda, aliteleza barazani na kupata ufa kwenye mfupa wa kiuno. Ljupka alichukua likizo. Alimlisha, alimwosha, alimfunika blanketi mbili ili upepo wa dirishani usimguse. "Hata kitana nilimletea mkononi," anasema. Baada ya wiki sita mama aliomba apelekwe akaone miplamu imechanua. Wakamwinua, na miguu ikakunjika.

"Mimi, mwenye cheti ukutani! Watu baki nawahimiza simama, tembea, na mama yangu mzazi nimemlaza mwenyewe." Rosanda aliishi majira mawili zaidi ya baridi bila kuvuka kizingiti cha nyumba yake. "Nilimpenda vibaya," anasema Ljupka. "Sina namna nyingine ya kulisema."

Kwa Milisav mambo yalianza kwenda njia ile ile. Mwezi wa Machi alianguka kutoka kwenye ngazi akipogoa miplamu, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani Aprili, na Kosana, mjane wa mdogo wake anayeishi upande wa pili wa ua, akampokea kama yai. Supu kitandani, gazeti kitandani, wembe na beseni kitandani. Kufikia Juni mapaja ya mzee yalikuwa yamesinyaa, na alihitaji kushikwa mkono ili akae tu.

Mwanawe, Radenko, anaishi Novi Sad, mwendo wa saa tatu kwa gari. Si mtu mbaya, na niliseme hilo waziwazi. Alipiga rangi chumba kimoja cha nyumba yake ya ghorofa, akanunua kitanda cha kupanda na kushuka kwa umeme, akaja kumchukua baba.

"Ghorofa ya tano," Milisav ananisimulia, na anaonyesha vidole vitano nisije nikakosea hesabu. "Nitakaa natazama paa za watu. Nani atanisalimia kule? Lifti?"

Walibishana siku mbili. Kisha wakakubaliana jambo ambalo katika nyumba hizi halina mchezo. Tarehe thelathini na moja Oktoba, siku ya Mtakatifu Luka, ni slava ya akina Vukajlović, sikukuu ya mtakatifu anayelinda ukoo wao. Siku hiyo mwenye nyumba haketi. Tangu mgeni wa kwanza hadi wa mwisho yeye yuko wima, anamimina, anagawa, anakaribisha. Asiyeweza kusimama hukabidhi slava kwa mwanawe, na mshumaa na picha ya mtakatifu vinahamia huko aliko mwana.

Baba na mwana wakapeana mikono mwezi Agosti. Milisav akisimama siku hiyo mpaka mwisho, anabaki kijijini. Akiketi, anakabidhi slava, nyumba inafungwa kabla ya theluji, na yeye anakwenda Novi Sad.

Zilikuwa zimebaki wiki kumi. Ljupka alianza na hatua tatu, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kwa kisingizio kwamba anataka kuonyeshwa picha ya harusi iliyo ukutani. Wiki ya pili akaomba maji. Ya tatu akaomba kahawa, na ikaja, ikiwa imechemka vizuri, kwa muda mfupi ajabu. Siku iliyofuata, maana kwa mzee huyu alipita kila siku, hivyo hivyo. Daftari likajaa sifa.

Siku ya tisa aliligusa jiko. Lilikuwa baridi.

Kosana alikuwa akiipika kahawa kwake, anaivusha ua dakika tano kabla gari la Ljupka halijapanda kilima, anaiweka juu ya jiko na kutorokea mlango wa nyuma. Kazi ya Milisav ilikuwa kugeuka nayo tu, hatua mbili, na kutoa tabasamu.

"Nilipiga kelele," anakiri Ljupka. "Sijawahi kupiga kelele nyumbani kwa mtu. Nilimwambia, Kosana, siku tisa! Mguu wake umelala siku tisa! Unamfungia virago wewe mwenyewe, unampeleka ghorofa ya tano kwa mikono yako!"

Kosana, mwenye miaka sabini na nne, anaikumbuka siku hiyo kwa uchungu. "Nilikuwa nasikia anavyoguna akiinuka," anasema. "Wewe ungekaa tu? Huyu ndiye aliyemzika mume wangu. Nimwache ahangaike na birika mimi niko hapo, mzima?" Kisha akaongeza kwa sauti ya kulalamika, "Na yeye alikuwa ananisifu. Alisema shemeji, kahawa yako haina mfano."

"Kwani uongo?" akadakia Milisav.

Tangu siku hiyo mlango wa nyuma ulifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa Ljupka. Sukari ikapanda kabati la juu. Sinia likaongezwa glasi moja, halafu mbili, halafu sita. Milisav alisimama kwa mguu mmoja akipiga mswaki, akishika sinki kwa kidole. Alipanda ngazi za baraza na kuzishuka kwa kisingizio cha kutazama kama posta imekuja, wakati posta huja Jumanne tu. Usiku nyonga ilimuuma, na asubuhi alimtukana Ljupka kwa ufasaha mkubwa.

Mwaka huu Mtakatifu Luka aliangukia Ijumaa, siku ya mfungo, kwa hiyo mezani hapakuwa na nyama: samaki, maharage ya kuoka, kabichi iliyoviringishiwa wali na kokwa za jozi. Kwa slava hakuna anayealikwa, anayejua huja, na Ljupka alijua. Alifika saa tano. Milisav, ndani ya suti nyeusi iliyompwaya, alikuwa amekwisha kuzungusha mkate wa ibada pamoja na padri, ukakatwa na kumiminiwa divai, na alikuwa mlangoni akipokea watu. Hakuwa na fremu wala mkongojo.

Wakaja majirani, wakaja ndugu wa upande wa mke, wakaja watu ambao mwenyewe hakuwakumbuka majina. Walikuwa zaidi ya thelathini. Milisav alimpa kila mmoja ngano iliyopikwa na sukari, kisha rakija, pombe kali ya matunda, kisha akamwonyesha pa kukaa. Radenko alibeba sahani nzito. Kosana alibaki jikoni, kwa kiapo kwamba hatamsaidia shemeji yake.

Mnamo saa nane mchana goti la Milisav likaanza kutetemeka.

"Ninaujua ule mtetemo," anasema Ljupka. "Nilitaka kuruka meza. Nikaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikamwambia moyoni, kanyaga kisigino, mzee wangu, kanyaga kisigino."

Radenko naye aliuona. Alichukua kiti, akakileta taratibu bila kukiburuza, akakiweka nyuma ya baba yake. Vijiko vikabaki hewani. Milisav aligeuka, akakitazama kile kiti, akaweka mkono juu ya egemeo lake na kuuacha hapo. Mimi niliyekuwa mwisho wa meza niliamini imekwisha.

Kisha akakisukuma kiti mbele, hadi mezani.

"Kaa wewe, mwanangu," alisema. "Hapa mgeni ni wewe."

Radenko akaketi. Baba yake akaenda jikoni, akarudi na sahani ya maharage, polepole, bila kugusa ukuta, akamwekea mbele. Mtu mzima wa miaka hamsini alikula huku ameinamisha uso, akaimaliza sahani.

Mgeni wa mwisho aliondoka saa kumi na moja jioni. Ndipo Milisav alipovua viatu, na miguu ilikuwa imevimba kama mikate. Jumapili Radenko alifunga bomba la kushikia kwenye ngazi za baraza, akaliyumbisha kwa nguvu zake zote kuona kama limeshika, akarudi Novi Sad peke yake.

Ljupka hasherehekei sana. Anajua majira ya baridi ndiyo yanaanza, na anajua vikombe vyake vina mwisho. Mpango wake ni kufungua darasa kila Alhamisi kuanzia Januari, katika chumba kimoja cha shule ya kijiji iliyokosa wanafunzi. Serikali ya mtaa imekubali kutoa chumba na jiko, kuni atatafuta. Darasa lenyewe si la wazee.

"Wazee wanajua kazi yao," anasema. "Ni la binti zao, wakwe zao, waume zao. Nataka niwafundishe kutulia wakati mtu wanayempenda anahangaika. Hakuna zoezi gumu kuliko hilo, na mimi nililifeli."

Majina saba yamekwisha kuandikwa. La kwanza ni la Kosana, ambaye Ljupka hakutaka asubiri Januari.

Juma lililopita, jikoni kwa Milisav, kijiko kilimponyoka mzee na kuingia chini ya meza. Alishika ukingo, akateremsha goti moja, akaanza kupapasa, akiguna. Kosana alikuwa kwenye benchi, amekalia viganja vyake mwenyewe, machozi yanamshuka.

"Inauma, Ljupka," alinong'ona.

"Najua, mama," alisema Ljupka, akasogea karibu yake. "Kalia tu mikono. Ameshakiona."