Wadudu wa Kuazima

Zhan Zhaomei alikuwa na matuta tisa ya michai vilimani Beipu, goti bovu, na mkamwana mpya aliyependa usafi kupita kiasi. Goti alishalizoea.

Jumatatu asubuhi mkamwana, Peishan, alimjia na bomba la dawa mgongoni, anatabasamu.

"Mama, wale wadudu wa kijani nimewamaliza. Maji ya pilipili na kitunguu saumu, tuta kwa tuta."

Zhaomei aliketi. Kiti hakikuwepo, lakini aliketi. Wadudu hao ndio walikuwa mavuno yake ya mwaka. Wakiuma jani, likajikunja na kuwa njano, ndipo chai inapotoa harufu ya asali. Jani lisiloumwa, hata mnunuzi mwenye mafua halitaki. Na zilibaki siku kumi na mbili tu za kuchuma.

"Nilidhani michai inaumwa," Peishan alisema.

"Inaumwa, ndiyo. Ndiyo kazi yake."

Kutwa nzima waliosha majani kwa maji matupu. Wadudu hawakurudi. Shambani kwa jirani, Deng Ruihuo, walijaa wakirukaruka kama wako harusini, na majani yake yalikuwa tayari. Shamba likichumwa, wadudu huhamia la pili. Basi Zhaomei akamfuata Deng kwake, Peishan nyuma.

"Kaka Deng, anza kuchuma tuta la mpakani. Niazime wadudu."

Miaka thelathini Zhaomei alikuwa akimwambia Deng kwamba chai yake inanuka soksi mbichi. Deng aliweka kikombe chini taratibu.

"Wangu wamelelewa vizuri, dada. Wataweza pilipili?"

"Tumeosha."

"Basi sema chai ya nani ni bora hapa kijijini. Sema mke wangu asikie."

Chai ya kijiji hicho wenyewe huiita chai ya majigambo, na Zhaomei hakuwahi kuliaibisha jina hilo. Alimtazama Peishan, aliyekuwa na macho mekundu, nusu pilipili, nusu kilio.

"Ya Deng," akasema.

"Mke wangu ana sikio zito."

"Ya Deng Ruihuo. Mababu zangu mnisamehe."

Deng alichuma mpakani mchana uleule, huku anapiga mluzi. Siku ya tatu Zhaomei aliinama kwenye mchai wa kwanza, akatulia hivyo kitambo, goti linamlaani. Jani moja changa lilikuwa limejikunja ukingoni, njano.

"Peishan, njoo uone," akanong'ona. "Polepole. Wanakula."