Hasira Niliyokuja Nayo Kirushya

Nakumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumanne niliyonusurika kufukuzwa nyumba ya watu kwa sababu ya mdomo wangu. Usinitazame hivyo. Huu mdomo unaouona leo umepoa sana.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, barabara za Ngara zimejaa malori ya mahindi na maturubai. Nilikuwa nasomea ualimu, na chuo kikanipeleka Kirushya kufanya mazoezi ya kufundisha. Mimi mtoto wa Runazi, huko sikuwa na ndugu wala jamaa. Domitila, rafiki yangu wa bweni moja aliyepelekwa huko huko kwao, akaniambia, "Twende kwetu, tutabanana kitanda kimoja." Babu yake alivuka kutoka Burundi zamani, akapata shamba la migomba, akatulia. Bila nyumba ile sikuwa na pa kulala, na bila pa kulala mazoezi yangeishia hapo, na ualimu wangu pia.

Sasa Jumanne hiyo mkufunzi akaja kunikagua. Nikakosea hesabu ya sehemu ubaoni, tena ya darasa la nne! Akasimama, akanisahihisha mbele ya watoto. Darasa zima likaangua kicheko. Nikarudi nyumbani na Domitila, nimefura.

Tukamkuta bibi yake amekamua ndizi mbivu, maji yake matamu, hayajachachuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu wangu. Karibu unywe."

Akamimina kwenye kibuyu kidogo. Kisha, nikimtazama kwa macho yangu haya, akapiga funda moja kubwa yeye mwenyewe, akapangusa mdomo, ndipo akanipa mimi. Weee! Nilikulia nyumba ya walokole, pombe hatukuiona hata mlangoni, na desturi za vibuyu sikuzijua.

"Mimi ni mtu wa kupewa makombo?" nikafoka, nikakisukuma kibuyu, maji yakamwagikia kanga ya bibi.

Domitila akasimama. "Chukua mfuko wako uondoke," akasema. "Bibi yangu hatukanwi."

Nikageuka kuuchukua. Lakini bibi akainua mkono. "Ngoja kwanza. Mwalimu, kwetu mwenye nyumba anaonja ili mgeni ajue hakuna kibaya ndani. Hilo hukulijua, basi. Lakini hasira hii hukuipatia hapa. Umekuja nayo. Nani amekuudhi huko utokako?"

Nikalia kama mtoto. Nikaeleza yote, mkufunzi, ubao, kicheko. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa upole, "Na hiyo hesabu, jibu lake ngapi?"

"Hata sasa sijui, bibi!"

Domitila akashindwa kujizuia, akacheka. Nikacheka na mimi huku kamasi zinanitoka. Nikapiga magoti, nikamwomba bibi radhi, na yeye akamimina tena, akaonja, akanipa. Nilikunywa mpaka tumbo likalalamika. Kesho yake nikawaambia watoto wazi, "Jana nilikosea, njooni tutafute pamoja nilikosea wapi." Jamani, walinipenda! Na Domitila ndiye aliyesimama nami siku nilipoolewa.

Basi mwanangu, wewe uliye chuoni, nisikilize. Utafeli jaribio, utaaibishwa mbele ya wenzako, halafu utarudi bwenini umkute mwenzako amesogeza ndoo yako tu, na utataka kumla mzima. Hapo simama. Jiulize, hii hasira nimeitoa wapi? Ukishaijua ilikotoka, ipeleke huko huko, kwa maneno mazuri, na mwenzako mwache na amani yake. Na ukiona mtu amekufanyia jambo usilolielewa, muulize kabla hujamhukumu, kuuliza hakukupunguzii heshima. Ukishakosea, omba radhi siku hiyo hiyo.

Mungu akupe moyo wa kujijua, akupe uwezo wa kujicheka bila kujidharau, na kila nyumba utakayoingia, wafurahi kukuona ukirudi. Nenda kasome.