Picha ya Mama Mkwe Bila Kichwa

Kwa miaka yote ya ndoa yake, Ngosa alimjua mama mkwe wake kuanzia magotini kwenda chini. Miguu ile aliijua barabara: kisigino cha kushoto kilichopasuka, kidole gumba kilichopinda. Akikutana nayo njiani hapo Nchelenge, kijijini kwao kando ya ziwa, aliingia kwenye majani akatazama ziwa mpaka ipite. Ndivyo mkwe mwenye adabu anavyofanya. Siku mama mkwe akiridhika naye, humpikia chakula cha kumwingiza. Mkwe akishakula, macho yanapata ruhusa ya kumtazama usoni. BanaMutale, yaani Mama Mutale, mkwe wake huyo, alikuwa hajaridhika.

Sababu ilikuwa kamera. Siku za kazi Ngosa alikuwa fundi wa mitumbwi, hakuna wa kumsema. Lakini Jumapili alining'iniza shingoni sanduku jeusi alilolinunua mjini Elisabethville, akazunguka akipiga watu picha. Sanduku lenyewe halina maajabu: unainama, unaangalia kioo kidogo kilicho juu yake, na mtu uliyemwelekezea unamwona humo, mdogo kama kisamaki.

“Mwanaume anaangalia bibi za watu katika sanduku, muchana kweupe,” BanaMutale alimwambia binti yake Dorica, ambaye ndiye mke wa Ngosa. “Nimupikie kuku ya nini? Macho yake imekwisha kushiba.”

Ngosa hakuwa peke yake katika ugonjwa huo. Kila Jumapili baada ya ibada, wapenda picha walikutana kwake, wakazipanga picha zao juu ya mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa, wakazisema. Kuzisema ndiyo kazi yenyewe. Kupiga ni kutafuta cha kusema. Goodson, karani wa boma, alipiga picha za safari tu: daraja, kivuko, barabara ya kwenda Mwansabombwe, kisha barabara hiyohiyo wakati wa kurudi. Watu hakuwapiga, kwa sababu wanatikisika. Batisti, mchuuzi wa samaki kutoka Kasenga ng'ambo, ndiye aliyepeleka filimu za wote Elisabethville kusafishwa, na kwa heshima yake hapo mtumbwini kilisemwa Kiswahili. Jairos yeye hakuwa na kamera wala hajawahi kuishika, na ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Mwaka ule Mutale, mtoto wa kwanza wa BanaMutale, aliyekuwa akifanya kazi Elisabethville, akaleta neno kwamba mama yake ahamie kwake. Mama akakubali. Alikuwa amekula chumvi nyingi na miguu ilikuwa inavimba. Kila mtu alijua kwamba akivuka, ndiyo basi. Dorica hakuwa na picha hata moja ya mama yake.

“Weye umepiga foto hata mbuzi ya Jairos,” alimwambia mumewe. “Mama yangu anaenda. Miye nitabaki na nini?”

“Goodson amupige.”

“Goodson anapiga madaraja. Na watu watasema nini? Bibi ya fundi wa foto, mama yake apigwe na mutu mwingine?”

Akaenda kumbembeleza mama yake, akarudi na jibu. Mkwe anaweza kupiga, lakini asiangalie. Hata katika kile kioo asiangalie, maana kioo nacho ni jicho.

Sasa mtu atauliza, picha gani hiyo ya kupigwa kwa kisogo? Ngosa hakuuliza. Aliweka sanduku juu ya kinu kilichopinduliwa, akalielekeza kwa kufuata kitu pekee alichoruhusiwa kukijua, yaani miguu. Kisha akageuka akatazama kisiwa cha Kilwa kilichoko mle ziwani.

“Amekaa,” Dorica alisema nyuma yake.

Kioo kilikuwa chini ya kiwiko chake. Kukichungulia kidogo tu, nani angejua? Ngosa alikitamani kioo kile mpaka shingo ikamuuma. Akaendelea kutazama Kilwa, akabonyeza.

Filimu ilikwenda, ikarudi. Jumapili Batisti akatoa bahasha, akaiweka picha juu ya mtumbwi. Ilionyesha mwanamke amekaa kitini, miguu yote miwili, mikono magotini, kifua, shingo. Baada ya shingo picha ilikuwa imekwisha.

“Kichwa iko wapi?” Batisti akauliza.

“Mwangaza ni muzuri,” akasema Goodson, kwa upole wa kikarani.

Jairos aliinama akaikagua vizuri. “Nyuma kuna kuku,” akasema. “Kuku iko na kichwa.”

Ngosa aliichukua picha yake. Ilimuuma sana, na aibu ikamshika zaidi kwa sababu Jairos alikuwa amesema kweli. BanaMutale alikuwa anaondoka Alhamisi. Katika sanduku alikuwa ametia filimu nyingine, nayo ilikuwa imebaki nafasi ya picha moja, na ya nini, kama ni kupiga shingo tena?

Dorica alipoiona alilia. Halafu akakasirika, akaipeleka mbio kwa mama yake, aone mwenyewe matunda ya masharti yake. BanaMutale aliipokea. Akaigeuza akaangalia nyuma, labda kichwa kiko huko.

“Hakuniangalia,” akasema.

“Si ndivyo ulitaka, mama?”

“Kweli hakuniangalia.” Akamrudishia picha. “Nikamatie jogoo.”

Jumatano Ngosa aliitwa. Alikuta kuku mzima, samaki na ugali wanaouita bukari, akala ameinamisha kichwa. Alipokwisha kunawa, sauti ikasema juu yake, “Mukwe, leta sanduku yako.”

Akaliweka juu ya kinu, akainama kwenye kioo. Mle ndani alikuwamo mwanamke mzee mwenye mdomo wa Dorica na macho ya Dorica. Kumbe uso wenyewe alikuwa akiishi nao nyumbani siku zote.

“Niko mule?” BanaMutale akauliza.

“Uko, mama.”

“Basi acha hiyo kioo. Niangalie.”

Ngosa aliogopa kuliko siku alipokwenda kuposa. Akainua kichwa, akamwangalia. Kidole kikabonyeza chenyewe.

Alhamisi BanaMutale akaondoka na mtumbwi wa Batisti, filimu ikiwa katika mtumbwi huohuo. Baadaye picha ilirudi. Yeye hakurudi.

Wakaiweka juu ya mtumbwi kama kawaida.

“Leo kichwa iko,” akasema Batisti.

“Kamera ilitikisika,” akasema Goodson. “Mabega imefifia.”

“Na imeinama,” akasema Jairos. “Halafu huyu mama haangalie kamera. Mutu wa foto anaangalia kamera. Huyu anaangalia juu yake.”

“Juu ya kamera nilikuwa miye,” akasema Ngosa. “Ananiangalia miye.”

Jairos akainyanyua kutoka mtumbwini. Akaifuta picha vumbi kwa mkono wa shati lake la kanisani, akampa Ngosa ampelekee Dorica.