Amina Kumi na Saba

Mimi ni mtu wa kinyongo, na sioni haya kusema. Watunzi wenzangu wakiulizwa walianzaje, watakuambia habari za kipaji na neema. Mimi nilianzishwa na mwalimu mmoja aliyenisimamisha kanisani mbele ya mama yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sisi ni watu wa Mitunguu, watu wa migomba, lakini nilikuwa nimechukuliwa katika kwaya ya kanisa kubwa la Meru mjini kwa sababu sauti yangu ya pili, alto, haikutetereka. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesomea muziki ng'ambo, na hakutuacha tusahau. Kila Krismasi alituimbisha wimbo mmoja mrefu wa Wazungu wa kale. Tuliufanyia mazoezi wiki nane kwa do-re-mi tupu kabla hajaturuhusu kugusa maneno. Na alikuwa na sheria yake: wimbo huo ukianza, kanisa zima linasimama, na hakuna kuketi mpaka yeye ashushe kijiti chake cha kuongozea. Asiyejua hilo, alisema, hajasoma.

Sasa, nyimbo za aina hiyo haziishi. Zinaaga, zinarudi. Mnapiga Amina ya kishindo, unadhani basi, kumbe soprano ndio kwanza wanaanza upya. Krismasi ya mwaka huo, kwenye Amina ya tatu, nilidhani tumemaliza. Nikaketi. Na kwa kuwa alto wote walikuwa wakinifuata mimi, safu nzima ikaketi. Besi wakabaki wakinguruma peke yao kama ng'ombe waliosahauliwa malishoni.

Jumapili iliyofuata alinisimamisha mbele, nikiwatazama watu, tangu wimbo wa kwanza hadi tangazo la mwisho. "Huyu wa migomba," aliliambia kanisa, "anajifunza kusimama." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alisimama pale benchi ya nyuma, katika gauni lake la Jumapili lenye doa la utomvu wa ndizi lisilotoka, na hakuketi mpaka mimi nikaketi. Na mahubiri yalikuwa marefu, wacha wee! Hata wakati huo magoti yake yalikuwa yakimsumbua. Sikulia. Niliapa.

Nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa muziki, nikajifunza kila hila ya wale Wazungu wa kale ili nipate kuwadhihaki sawasawa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa wimbo wa sauti nne zinazofukuzana: soprano wanauliza ni nani ameacha zizi wazi, alto wanasema si sisi, tenor wanawasingizia besi, na besi, polepole, kwa heshima zote, wanaungama kwamba mbuzi wamemaliza mboga za mchungaji. Watu wa Ruiri walicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kwenye benchi. Wa Muthara wakaniita harusini. Nikatunga mwingine wa mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi, ulioungua, mwingine wa mazishi ya jogoo, zote kwa sauti za kanisa kuu na nyuso zimekunjwa. Watu wakaniita mchekeshaji. Sikuwasahihisha. Kwangu kila wimbo ulikuwa kunoa kisu.

Mwaka jana kisu kikawa tayari. Onyesho lilikuwa Embu, katika ukumbi wa shule, saa nane mchana. Nikamwandikia mwalimu barua yenye adabu tele: Mwalimu wangu mheshimiwa, karibu uwe mgeni wetu wa heshima. Akaja kwa mkongojo, shingo juu vile vile. Nikamkalisha mstari wa mbele. Mama alikuwa viti viwili kando yake, maana yeye hakosi onyesho langu hata moja.

Wimbo wa mwisho niliuanza kwa kishindo kile kile cha wimbo wake wa Krismasi. Mwalimu akainuka, kama nilivyojua atainuka. Ukumbi wote ukainuka naye. Ndipo maneno yakaja. Ni wimbo wa mgeni anayeaga. Haya basi, tumeshukuru kwa chai, Amina. Akifika mlangoni anakumbuka kofia yake. Amina. Akifika kwenye lango anakumbuka habari za shangazi. Amina. Kufikia ya nne watu walikuwa wameshika mbavu, na mmoja mmoja wakaanza kuketi, mama miongoni mwao.

Mwalimu hakuketi. Kijiti kilikuwa hakijashuka, na kijiti safari hii kilikuwa changu.

Nilikuwa nimeandika Amina kumi na saba. Nilisimama upandeupande makusudi, ili nimwone. Kwenye ya tisa mkongojo ulianza kutetemeka, na haki ya Mungu nilifurahi. Nikapunguza mwendo, kila Amina ikavutika kama utomvu. Kwenye ya kumi na moja macho yetu yakakutana, nikajua ameelewa. Angeweza kuketi tu, ukumbi mzima ulikuwa umeketi. Alikaza shingo. Simama basi, nikasema moyoni, simama ujifunze.

Kwenye ya kumi na mbili mama akainuka. Hakuna aliyemwambia. Alijisukuma kutoka kwenye kiti kwa mikono miwili, akasimama, kiganja kimoja kikishika paja. Wala hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi, kama alivyonitazama siku ile kutoka benchi ya nyuma.

Zilikuwa zimebaki Amina tano. Nilizitaka zote. Nilikuwa nimezingoja tangu nikiwa msichana, na yule mzee sijamsamehe hata leo, msinihubirie. Lakini magoti ya mama yalikuwa yanacheza, na nilijua hataketi mpaka mzee aketi.

Nikashusha kijiti katikati ya neno.