Akiba ya Aldenshaw na Neno la Mana

Enid Sugden alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ya kanisa, akipanga maboga na vitunguu liki vya ibada ya mavuno, Trevor Lumb alipoingia na aproni yake ya buchani. Enid akajua kuna jambo. Trevor alikuwa mtu wa haya. Aproni yenye damu haikuwahi kuvuka kizingiti cha duka lake.

"Enid, dada yangu, kaa kwanza."

"Niko chini tayari, Trevor. Sema."

"Ni Clifford. Wamemkuta bustanini kwake. Daktari amefika, lakini hakuna kazi iliyobaki."

Enid aliligeuza boga alilokuwa ameshika, upande wake mzuri uwatazame watu, akaliweka. Ndipo akalia.

Clifford Oldroyd alikuwa kaka yake wa pekee. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sufu mpaka kiwanda kikafungwa, na hakuoa. Msumari uliopinda aliunyoosha akautia mfukoni, na kamba ya kifurushi hakuikata kwa kisu hata siku moja. Aliketi akaifungua fundo baada ya fundo. Wana Aldenshaw walipomweka kuwa mwenyekiti wa bodi ya shule yao ya msingi, walijua wamempa fisi ulinzi wa bucha, ila fisi huyu hali nyama.

Na kweli, shule nyingine za bondeni zilipokuwa zikiishi kwa madeni, ya Aldenshaw ilikuwa na akiba nono. Kila majira ya baridi kijiji kilikula pai na njegere kwenye ukumbi wa shule, na sahani ya michango iliyopitishwa ikaongeza chochote kwenye akiba. Paa la ukumbi lilivuja, watoto wakajifunza kuruka ndoo kama wanavyojifunza kusoma, na mtu akilalamika Clifford alimjibu, "Ndoo ni rahisi kuliko paa." Watu walicheka kwa fahari. Akiba haiozi.

Ikaja habari ya kuitoa shule mikononi mwa halmashauri na kuitia katika shirika linaloendesha shule nyingi, wenyewe wakiita kuwa akademi. Trevor, makamu wa Clifford, aliitaka sana. Katika kikao chake cha mwisho Clifford alisimama, akasema akiba yote itumike kujenga paa kabla ya jambo lolote. Walipomuuliza sababu, alisema, "Someni habari ya mana," akakaa. Hakuongeza neno.

"Nilidhani amelewa," Trevor alimwambia Enid jikoni kwake, siku ya pili ya msiba. "Na yeye hata bia hajawahi kuonja. Mchungaji akikuuliza aseme nini siku ya maziko, bora iguswe kwa upole tu kwamba mwishoni akili ilichoka. Watu wataelewa."

"Ilichoka lini? Mwezi uliopita alinitengenezea saa."

"Enid, mtu bahili kama yule hawezi kuamka asubuhi akataka kumaliza kila kitu."

Neno hilo lilimkaa Enid kama mwiba wa samaki. Kumzika kaka yake aliweza, kwa msaada wa Mungu. Kumzika kama mtu aliyepungukiwa, hapana, labda iwe kweli. Na kama ni kweli, alitaka kuijua.

Akafungua Kutoka, sura ya kumi na sita. Mana ilishuka ya kutosha siku. Waliyoiweka mpaka asubuhi ikaingia mabuu, ikanuka. Aliyasoma maneno hayo mara nyingi kwa watoto wa shule ya Jumapili, lakini hakuwahi kujiuliza yanahusu nini paa la shule.

Akamwendea Mwalimu Nawaz, mkuu wa shule.

"Hata mimi hakuniambia, Bi Enid," alisema. "Ila najua alikuwa akivuka kilima kwenda Crowden Bridge. Shule yao iko kwenye shirika hilohilo."

Enid akapanda basi. Mkuu wa shule ya Crowden Bridge, Bwana Gledhill, alimkaribisha ofisini akafunga mlango.

"Pole sana, mama. Ndiyo, alikuja. Aliniuliza akiba yetu iko wapi."

"Ukamjibuje?"

"Kwamba iko kwenye chungu kimoja na za wenzetu. Si wizi, usinielewe vibaya, tulikubali wenyewe. Chungu kile kiliokoa shule ya mjini iliyokuwa inazama, na watoto wale nao ni watoto. Ila boila yetu, mtambo wa kupasha madarasa joto, ilipokufa, tulipanga foleni kama wengine."

"Si mrudi halmashauri?"

Gledhill akatabasamu. "Mlango ule unafunguka upande mmoja tu."

"Clifford akasema nini?"

"Aliniuliza boila iko wapi, akavua koti. Aliitengeneza, ikatuvusha mpaka mpya ilipokuja. Msumari mmoja aliutoa mfukoni mwake."

Enid alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Sasa mbona hakuwaambia wenzake?"

"Nilimwomba asinitaje. Hao wa shirika ndio waajiri wangu. Nami nakuomba wewe vilevile."

Njiani Enid alimwona kaka yake vizuri: mtu aliyeahidi kunyamaza, akatafuta cha kusema bila kuvunja ahadi, akapata Maandiko tu.

Bodi ilikutana ukumbini kabla ya maziko, mvua ikinyesha na ndoo zikiitikia. Enid aliitwa kupokea rambirambi. Akashukuru, kisha akaomba kubaki kidogo.

Trevor alikuwa akisema, "Hatuwezi kuingia kwenye shirika kama bibi arusi anayekwenda kwa mume mikono mitupu. Tukiingia na chetu tutaheshimiwa."

"Trevor," Enid alisema, "bibi arusi akiingia na godoro lake, si mawifi ndio watalala juu yake?"

Watu wakaguna. Trevor akakunja uso. "Na wewe umekuja na mana?"

"Nimekuja nayo."

"Basi soma mpaka mwisho. Ya siku ya sita haikuoza."

"Haikuoza kwa sababu Mungu aliwaagiza waiweke kwa ajili ya Sabato. Sisi tuliagizwa tuweke kwa siku gani? Watoto wanaruka ndoo leo. Na tukishajiunga, nani ataamua pesa hizi ziende wapi?"

Mwalimu Nawaz akainua macho. "Bi Enid alinifanya nijiulize, nikawapigia watu wa shirika simu asubuhi. Wamenijibu kwa adabu kabisa. Akiba zote hukaa pamoja, na wao ndio hugawa."

"Zote?" Trevor akauliza.

"Zote."

Trevor alitazama ndoo iliyokuwa karibu na kiatu chake. "Mzee mkaidi," alisema taratibu. "Si angesema tu." Akawa wa kwanza kuinua mkono. Paa lijengwe kwanza, halmashauri ikiridhia. La kujiunga lingoje, waulize zaidi.

Clifford alizikwa siku ya Ijumaa. Watoto wa shule waliimba wimbo wa mavuno, maana ndio waliokuwa wameuzoea wiki zile. Mchungaji alisema yale Enid aliyompa: kwamba marehemu alikuwa mwekevu, mkweli, mtunza ahadi, na mwenye akili timamu mpaka siku yake ya mwisho. Trevor alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, amevaa suti. Walilishusha katika makaburi yaliyo juu ya kanisa, karibu na wazazi wake. Enid akatupa udongo, Mwalimu Nawaz akafuata, kisha wengine. Wakasali Baba Yetu. Baadaye wakateremka ukumbini kunywa chai na kula mikate ya nyama, na wachimba kaburi wakaanza kufukia.