Kidole cha Karani wa Stoo
Karani wa stoo haangalii jalada. Akitafuta kitabu cha kujifunzia lugha mpya ya kompyuta, hukifungua katikati na kusoma zoezi moja kwa kidole: akilielewa lote hukirudisha, akilielewa nusu hukichukua. Mhasibu wa dawati la pili, anayeitaka nafasi ileile anayoitaka karani, ya kuandika programu za ofisi, ana vitabu tisa, vyote ameishia kwenye dibaji, na kila akikiona kidole kile kikitembea, roho humuuma. Jana karani alimwendea.

“Kaka, niazime kimoja. Changu nimekimaliza.”

Mhasibu akampa kigumu kuliko vyote, makusudi, amkomoe. Karani akakifungua katikati. Kidole kikatembea, kikasimama, kikarudi nyuma.

“Nusu,” akasema, uso ukimng’aa. “Ndugu yangu, hiki ulikuwa umekificha wapi?”