Vijidudu vya Chungu cha Mapokezi

"Uzembe Uliosababisha Wadudu Warukao Eneo la Mapokezi." Ndicho kichwa cha barua aliyokabidhiwa mama mfanya usafi wa ofisi moja hapa Tunduma, sisi wa foleni tukitazama. Vijidudu vyeusi vilikuwa vikitoka kwenye chungu cha maua.

"Mama, unamwagilia kila siku kama ratiba inavyosema?" afisa aliyemkabidhi barua aliuliza, akijipepea kwa faili.

"Kila siku, bosi. Ndiyo maana vinazaliana, udongo haukauki. Miche ya kahawa kwetu Mbozi hatuilowanishi hivyo. Tusimamishe maji kidogo."

"Ratiba nimesaini mimi! Unanifundisha kazi?"

Jamani, kushauri nako ni kosa?

Mama alifukuzwa Ijumaa. Chungu kikakosa wa kukimwagilia, udongo ukakauka, na vijidudu vikaisha.